Daftari la Kizimba cha Nne

Jumatatu. Wafu kumi na wawili.
Nimeandika kwa penseli, kama aibu inayofutika.
Maji ya Ogal yametulia mithili ya uji uliopoa,
na ngege mmoja, mpana kama kiganja cha Ragot,
anazunguka. Anazunguka palepale,
kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.
Jicho la kushoto limemtoka, jeupe,
punje ya hindi la kuchemsha.
Nikacheka. Mungu anisamehe, nikacheka,
nikasema huyu naye kalewa nini asubuhi hii.

Jumanne. Thelathini na mmoja.
Sikucheka.

Jumatano sikuandika.
Obuya alipita na boti akasema, tupa tu,
ziwa ni tumbo, litameng'enya.
Nikatupa. Mkondo ukawachukua
kuelekea vizimba vyake.

Duka la dawa pale Kisian, lenye picha ya jogoo mlangoni,
likaniuzia unga wa njano wa kuku.
"Homa ni homa," alisema muuzaji,
akipima kwa kijiko cha chai.
Siku tatu nilichanganya na chakula,
kisha unga ukaisha na pesa ikaisha
na hesabu ikashuka: tisa, sita, wanne.
Nikanunua sukari kilo nzima.

Halafu joto la Februari.
Mia moja na wanane.

Ndipo akaja Makokha, kijana wa maabara,
buti za mpira zenye kiraka, sanduku la barafu begani.
Hakuuliza nimerogwa na nani;
shemeji zangu walikuwa wameshauliza.
Aliuliza: mmeweka wangapi humu?
Elfu tatu. Akaandika.
Wavu uliosha lini?
Nikamtazama Ragot. Ragot akalitazama ziwa.
Wavu ulikuwa na ndevu za kijani, za kushikika.

Alimchagua anayekufa, si aliyekufa,
maana mfu, alisema, ni shahidi wa uongo,
kila kidudu humsemea.
Sindano ikaingia kichwani, kwenye ubongo
mdogo kama tone la maziwa mgando,
akaupaka juu ya kisahani chekundu cha damu ya kondoo.
Kesho yake picha ikafika kwenye simu yangu:
vidoti vya rangi ya majivu, vimejipanga,
na kila kidoti kimejizungushia duara angavu
pale kilipokula damu.
Nilivitazama hadi chai ikapoa.
Kumbe ndivyo vilivyoshika usukani
ndani ya kichwa cha yule niliyemcheka.

Katika kisahani cha pili, dawa ya kuku
imekaa katikati, na vidudu vimeota
hadi kizingitini pake, bila hofu.
"Nyar Seme, umewasomesha," alisema, bila ukali.
"Siku tatu za dawa ni darasa.
Waliobaki hai wamehitimu."

Sasa tunafanya kazi isiyo na sifa.
Shimo nyuma ya banda la mizani, chokaa juu ya wafu.
Wavu hupandishwa, huanikwa, jua linyoe ndevu.
Kipande cha kizimba cha nne hakivuki kwenda cha tano,
hata kikibembelezwa; kina ndoo yake, kina dawa yake ya kuoshea.
Joto likipanda tunapunguza chakula,
nao wanatujia na midomo wazi,
nasi tunasimama na karai, mioyo migumu,
kama mama anayemwachisha mwana ziwa
katikati ya ziwa.
Msimu huu tumepanda elfu moja na mia nane.
Wanachama wawili wamejitoa. Wanasema ninafuga maji.

Leo asubuhi: wafu wawili.
Siyo sifuri. Sifuri Makokha haiamini.

Na Obuya. Samaki wake walianza kuzunguka
wiki moja baada ya ndoo zangu.
Yeye anasema ni upepo wa Nyando.
Jana nilimpelekea nusu gunia la chokaa,
na ukurasa niliouchana daftarini, ule wa Jumatano,
nimeujaza hatimaye, kwa wino:

ndoo mbili. Sikuhesabu.